Ghorofa ya Tatu

Binti yangu alikuwa ametangaza kwa wenzake wote wa kipaimara kwamba keki yake itakuwa ya ghorofa tatu, na kwamba ataitengeneza baba yake. Ghorofa tatu zilikuwa ndoto yake. Suala la mtengenezaji lilikuwa kosa langu, kwa sababu ni mimi niliyejigamba wakati wa chakula kwamba mtu aliyemaliza chuo kikuu hawezi kushindwa na unga, mayai na sukari.

Nilizioka Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ziliiva. Tatizo ni kwamba kila moja ilivimba katikati kama kichuguu, nami nikaona kuzikata juu ni kupoteza chakula. Nikazipandanisha hivyo hivyo, kichuguu juu ya kichuguu, nikiamini krimu itaficha.

Krimu nayo ikanitia hasira. Baridi ya Tunduma ilikuwa imeigandisha siagi mpaka kijiko kikapinda. Nikaisogeza karibu na jiko, nikageuka kutafuta sukari ya unga, na niliporudi nikakuta imekuwa mafuta ya kukaangia. Nikakoroga tu. Nilipoipaka ubavuni mwa keki iliteremka taratibu hadi kwenye sinia. Nikaichota, nikaipaka tena, ikateremka tena. Fundi aliyewahi kupiga lipu wakati mvua inanyesha atanielewa.

Mke wangu na binti walikuwa kanisani kwenye mazoezi. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, aliyekuja kutoka Iyula kwa ajili ya sherehe. Yeye ni mtu wa mila. Kwake, mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, wala hawasemezani moja kwa moja. Tangu nioe, salamu zetu hupitia kwa mtu wa tatu. Siku hiyo mtu wa tatu hakuwepo.

Ndipo ghorofa ya juu ikaanza kuteleza. Niliidaka kwa viganja vyote viwili. Vijiti vya mishikaki, ambavyo vingeizuia, vilikuwa ng'ambo ya meza.

"Jamani," nikauambia ukuta, "kungekuwa na mtu wa kunishikia hii keki."

Ikaja sauti ya mama mkwe kutoka sebuleni: "We ukuta, huyo baba anasema keki imefanyaje?"

"Ukuta, mwambie inateleza."

"Ukuta, hebu muulize, si amesoma?"

Lakini alikuja. Aliingia kinyumenyume, kanga kaivuta mpaka usoni, akapapasa nyuma yake hadi mikono yake ikaipata keki. Mimi nikageukia dirisha, kwa heshima, nikavifuata vijiti kwa kupapasa. Kwa hiyo tulikuwa watu wazima wawili tunaotengeneza keki, na keki haikuwa na hata mmoja anayeitazama. Nikachomeka kijiti cha kwanza. Kikaingia vizuri. Nikachomeka cha pili.

"Mayee! Kidole changu!"

Akaachia. Ghorofa ya tatu ikaanguka ndani ya sufuria ya mchanga.

Binti aliporudi alisimama mlangoni akaitazama keki, halafu akaitazama sufuria. "Baba, ya tatu iko wapi?"

"Muulize bibi yako."

"Mwambie baba yako," ikajibu sebule, "mimi nilikuwa nimeshika vizuri. Aliyechoma mtu ni yeye."

"Mwambie bibi yako kwamba kijiti hakina macho."

"Mwambie na yeye hakuwa nayo."

"Ambianeni wenyewe!" binti akasema, sauti ikimkatika, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Hatukuambiana. Mke wangu alimfunga mama yake kidole kwa kitambaa, akanitazama, akaanza kufagia.

Kesho yake keki ililetwa mbele ya wageni, imeinama kidogo, krimu imejikusanya chini kama soksi iliyolegea. Mshereheshaji, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa taarifa, alishika kipaza sauti na kuwakaribisha wote kuishangilia keki ya ghorofa tatu. Watu wakapiga makofi. Wenzake wa kipaimara hawakupiga. Walikuwa wamesogea mbele, na niliwaona wakihesabu kwa vidole, huku binti yangu akiwa ameshika kisu na kuangalia chini.