Kamba Nyeupe ya Mama Nasima

Kule Kariobangi, nyuma ya mafundi wa masanduku ya mabati, kuna ploti moja ambayo mtu huisikia kabla hajaiona. Asubuhi Kadija anapowasha pawa, ule msumeno wa mnyororo wa kukatia miti, kuku wa Huruma hutaga kabla ya wakati wao, na mzee mmoja wa Dandora, kiziwi tangu ujana wake, huitikia salamu. Mwenye kubisha na abishe. Mayai yenyewe yameshaliwa.

Kadija, ambaye majirani humwita Mama Nasima kwa jina la bintiye, hapandi miti. Anayepanda ni mumewe, Idarusi, mtu mwembamba kama ufito, ambaye upepo ukivuma Barabara ya Jogoo humbidi kutia mawe mifukoni asije akatua Machakos. Idarusi hupunguza matawi yanayolalia mapaa ya watu, kutoka Makadara hadi Donholm, na juu ya mti hana mpinzani. Lakini muulize tupa ya kunolea mnyororo iko wapi, atakutazama kana kwamba umemuuliza njia ya kwenda mwezini. Vyombo ni vya Kadija. Yeye ndiye huvichagua, huvinoa, huvitia oili, na yeye ndiye humnyima mumewe ruhusa ya kupanda kama mkanda wa kiunoni umetoka uzi mmoja.

Hata gari alilichagua yeye. Idarusi alitaka lori, na alikuwa amekwisha kuliota mpaka honi yake. Kadija akachukua leso, akashinda Umoja na Donholm akipima mageti.

"Mama, unalishonea geti letu pazia?" askari mmoja akamuuliza.

"Ndiyo. Na kitambaa kikibaki, nitaushonea mdomo wako."

Geti jembamba kuliko yote lilipoishia, hapo hapo akapiga fundo. Kisha akaenda na leso yake kwa wauza magari makuukuu, akawa anaitandaza mbele ya kila gari kama fundi nguo anayempima bwana harusi. Lori la Idarusi likapita fundo. Pikapu moja ya samawati, yenye mlango mmoja wa rangi nyingine, ikaenea ndani ya fundo na nafasi ya ngumi ikabaki.

"Hii," akasema Kadija.

"Hata injini hujaisikia, Mama Nasima."

"Injini hufunguliwa ikatengenezwa. Mageti ya watu utayatengeneza wewe?"

Tangu hapo haijalala na kiu. Kila asubuhi Kadija huipa maji, huchungulia oili, hugonga magurudumu kwa kisigino na kuyasikiliza. Majirani husema Idarusi ana wake wawili, na yule wa samawati ndiye anayeogeshwa zaidi.

Basi fundo lile la leso ndilo lililomleta Aluoch. Huyu alikuwa mama mmoja, mwenyekiti wa wakazi wa nyumba fulani za geti moja huko Donholm, ambako mkaratusi mkubwa ulikuwa umeanza kuegemea mapaa. Walikuwa wamemwita kwanza Kivuva, mwenye lori jipya linalometa, la ngazi inayojinyoosha yenyewe. Lori likafika getini, likakwama kama kidole kinene kwenye pete nyembamba. Aluoch akaulizia mtu mwenye gari dogo, akaelekezwa Kariobangi. Akapiga simu kusema atakuja kuona vyombo kwa macho yake, na akiridhika, si mkaratusi huo tu: miti yote ya humo ndani itakuwa mikononi mwao mwaka mzima.

Kadija aliitaka kazi hiyo kuliko nguo ya Idd. Vibarua vya kubahatisha vilikuwa vimemchosha Idarusi, na siku hizo kila akinywa chai alisema atauza vyombo arudi Mombasa kwa kaka yake akauze mbao. Alisema kwa utani. Lakini utani ule ule ukirudiwa kila chai, mke huanza kuuogopa.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia, maana liliingia na sabuni. Siku chache kabla, Idd ilipokaribia, Kadija alifua kila kilichokubali maji: mapazia, mikeka, hata vitambaa vya viti vya pikapu. Mwisho jicho likaangukia kamba kubwa ya kupandia, nyeusi kwa utomvu wa miaka. Akaona haya. Akaitumbukiza kwenye pipa pamoja na kanzu, akamimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akaiacha humo mpaka kesho yake, kisha akaianika juu ya mabati. Kamba ikatoka nyeupe pepe. Watu wakaja kuitazama kama mtoto mchanga, na mama mmoja wa upande wa pili wa ploti alikula kiapo kwamba usiku hawakuhitaji kuwasha taa.

Aluoch alikuja amevaa viatu vyeupe. Kadija akampitisha: pawa iliyopanguswa, mnyororo uliong'atwa na tupa jino kwa jino, mkanda, helmeti, pikapu ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Aluoch akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilipofika zamu ya kamba, akaipapasa na kutabasamu.

"Hii ni kamba ama ni shela ya bibi harusi?"

Kadija akavimba kwa furaha. Lakini Odero, fundi wa masanduku, alikuwa ameegemea ukuta na nyundo yake.

"Niaje, Mama Nasima. Kamba haivutwi leo, ama wanawake wameingia baridi?"

Hapo ndipo penye mila ya ploti ile. Hakuna kamba inayopanda mti kabla haijavutwa chini. Kazi kubwa ikiwa karibu, kamba hunyooshwa uani, wanawake huku, mafundi wa mabati kule, ikavutwa mpaka upande mmoja uombe msamaha. Wanaume hawajawahi kushinda. Odero hudai upande wa wanawake una mteremko.

Idarusi akamsogelea mkewe sikioni. "Leo tuache. Itaingia vumbi, na mgeni atatuona wahuni. Si unaona ilivyopendeza?"

Na kweli Kadija, kwa mara ya kwanza maishani, alitaka kuacha. Kazi ilikuwa mlangoni, imevaa viatu vyeupe. Akaiokota kamba aikunje airudishe kwenye ndoano. Mkononi aliikuta kavu na nyepesi, kama nywele zilizotiwa dawa mara nyingi mno. Vidole vikakataa kabla kichwa hakijajua sababu.

"Itavutwa," akasema.

Aluoch alipoelezwa mila, alivua viatu na kushika kamba nyuma ya Kadija. "Nilivuta kamba nikiwa shule. Usinidharau."

Wakavuta. Masanduku ya mabati yakatetemeka, paka wakahama. Kamba ikalia mlio mmoja mfupi, kisha ikakatika katikati. Wanaume wakarudi kinyumenyume wakipita kwenye nguo zilizoanikwa, na Odero, hivyo ndivyo inavyosimuliwa, alisimama Korogocho akiwa na sidiria ya mtu begani. Mwenyekiti wa Donholm akaketi ndani ya beseni la maji ya kufulia, povu likamfika kifuani.

Halafu ploti nzima ikacheka, akacheka na aliyemo ndani ya beseni. Asiyecheka alikuwa Kadija. Alimtazama mumewe akijipangusa vumbi pale chini, akamwona alivyo mwembamba, akauona akilini mkaratusi wa Donholm na yale mapaa chini yake. Akaketi juu ya gurudumu kuukuu.

"Ni ile dawa ya nguo," akasema. "Nimeifua mpaka nimeiua."

Idarusi akaja akaketi ubavuni mwake, akaishika ile ncha iliyokatika akaigeuza geuza. Kisha akasema, "Nashukuru hukunitia na mimi humo pipani."

Kadija akampiga kofi la bega, na ndipo na yeye akacheka, huku machozi yakimtoka.

"Kwani kila kamba mnaivuta hivi?" Aluoch aliuliza kutoka besenini.

"Kila kamba," Kadija akajibu. Aliona kazi imekwisha kuondoka. "Ikikatika, inakatikia hapa tunachekana."

"Kivuva nilimuuliza habari za kamba zake, akaniambia ni mpya. Ikaishia hapo." Aluoch akanyoosha mkono avutwe atoke. "Tafuteni nyingine. Ikija nami nitakuja kuivuta, kisha mje mkate mti wetu. Lakini mnipange upande wa Odero, huku kwenu kuna maji."

Kadija akaenda Eastleigh, dukani kwa Kahin. Kahin akamtolea kwanza kamba nyeupe inayometa.

"Nyeupe sitaki hata kuiona," akasema Kadija.

Akachagua ya rangi ya udongo. Akaipitisha yote viganjani, shubiri kwa shubiri, macho ameyafumba, akitafuta mahali pembamba au pagumu.

"Mama, hiyo ni kamba, si tasbihi," Kahin akalalamika.

"Wewe ngoja. Kuna mume wangu ndani yake."

Kamba ile ikavutwa, ikastahimili, na wanaume wakashindwa hata walipokuwa na mwenyekiti mzima. Pikapu ya samawati ikapita geti la Donholm, ngumi ikabaki. Idarusi akaushusha mkaratusi kipande kwa kipande, akiimba huko juu kama muadhini aliyesahau maneno, na Kadija chini ameshika ncha ya kamba. Habari za mbao za Mombasa hazikurudi tena kwenye chai.

Idd nyingine ilipokuja alifua tena mapazia, mikeka na vitambaa vya viti. Kamba aliiacha kwenye ndoano yake kivulini, nyeusi kwa utomvu, na juu yake akaitundikia mwavuli ili povu lisije likairukia. Ile nyeupe iligawanywa ikawa ya kuanikia nguo. Kipande kimoja kiko kwa Odero, amekitundika mlangoni pa karakana, na kila mteja huambiwa kwamba aliikata peke yake, kwa mkono wa kushoto.