Kabla ya Kurudisha Laini, Rawya Hupiga Kwanza

Saa tatu asubuhi, mjini Damietta, Misri. Kijana aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri anataka kurudishiwa laini. Simu imezama mtoni, anasema. Kitambulisho anacho. Tarehe ya kuzaliwa anaitaja bila kusita, na jina la mama pia.

Rawya Shalabi, wakala wa laini, haandiki kitu. Anaipigia namba hiyohiyo iliyozama. Inaita.

Anapokea mtu ambaye sauti yake anaijua, katikati ya kelele za randa ya umeme.

"Fundi Shukri, simu yako iko wapi?"

"Mkononi, dada. Kwani naongea na wewe kwa kiatu?"

Rawya anapoinua macho, kwenye dirisha la kuhudumia wateja hakuna mtu.

Ana miaka 41, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na sita. Mshahara wake ni pauni za Misri 7,500 kwa mwezi. Hakuna kanuni inayomtaka apige. Alianza baada ya mgeni kuondoka na laini ya jirani yake, muuza vitambaa, na kufikia adhuhuri akaunti zote za jirani huyo zilikuwa mikononi mwa mwizi.

"Ufunguo nilimpa mimi," anasema. "Maswali yote aliyajibu."

Swali lililoaminika zaidi ni la jina la mama. Hapa mwanamume halitaji hadharani. Tangu shuleni, wenzako wakilijua watakutania mpaka ukome.

Lakini Shukri, seremala wa makabati ya maharusi, alifiwa na mama yake mwezi uliopita. Akaweka tangazo la msiba mtandaoni, lenye jina kamili la marehemu na namba yake mwenyewe ya kuelekeza waombolezaji.

"Miaka hamsini aliitwa Mama Shukri," anasema, akiwa amefika dirishani na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Nilitaka siku moja aitwe jina lake."

Anachokiogopa si fedha. Kwenye akaunti yake ya ujumbe zimo sauti za mama yake, akimuuliza kama amekula. Akaunti hiyo hufunguliwa kwa tarakimu zinazotumwa kwenye laini. Mgeni angeichukua laini hiyo, angeweza kuzifuta zote.

Anauliza kama alifute tangazo.

"Jina la mama liache, fundi," Rawya anamjibu. "Badilisha kufuli."

Anamwonyesha pa kuweka namba ya siri ya pili ndani ya akaunti yenyewe, anayoijua yeye tu, isiyokuja kwa ujumbe. Na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Shukri anamgeuzia mgongo na kubonyeza.

"Hata mimi unanificha?"

"Si umenifundisha wewe?"

Mara tatu Rawya ameiandikia kampuni ya simu, akiomba kupiga kwanza kuwe sheria na swali la mama liondolewe. Hajajibiwa. Barua ya nne ipo mezani, na anaamini hii itasomwa, kwa sababu safari hii mtaa mzima wa maseremala unatia sahihi.

Sahihi ya kwanza ni ya Shukri. Chini ya jina lake ameongeza, kwa herufi kubwa: mwana wa Fathiya.