Waya Zilizofutwa kwa Sabuni

Asubuhi ile tulikuta laini ya Koboko imekatika, na mimi ndiye niliyepaswa kuirudisha. Ofisi yetu ya safari za Hija ilikuwa Arua, tawi Koboko, na kati ya hizo mbili tulikuwa bado tunatumia frem rilei, mtindo wa laini ambao wenzetu walishausahau. Orodha ya mahujaji ingefungwa saa kumi alasiri. Lilibaki jina moja, la mama anayefagia tawi, mjane wa askari, na kompyuta ya Arua haikupokea jina ila kutoka kompyuta ya tawi. Fomu yake ya karatasi walikuwa wameshaikataa.

Nikapanda pikipiki, nikafika na vumbi hadi kwenye meno.

Rauta, kile kisanduku kinachopeleka habari huku na huku, ilikuwa inawaka taa zote za kijani. Hilo ndilo linaloudhi. Kifaa kilichokufa unakitupa. Hiki kilikuwa kizima, kimekataa kazi tu. Kilikuwa na waya mbili, moja ya Arua na nyingine ya tawi la Yumbe, kila moja na tundu lake na namba yake ya njia. Nilipoiuliza rauta, ikajibu kwamba laini ni nzima ila namba ya Arua imefutwa. Nikampigia simu fundi wa kampuni ya laini, nikamfokea kwamba amefuta namba yangu. Akasema, kwa upole wa kukera, kwamba namba ipo, nitazame kwangu. Nikaizima rauta, nikaiwasha. Nikaandika mipangilio upya, ileile. Nikampigia tena, nikamfokea tena. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, fomu mapajani.

Ilipofika saa tisa na nusu na ushee niliinama nyuma ya rauta, nikasikia harufu ya sabuni.

Waya ziling'aa. Vile vikaratasi nilivyobandika, hii Arua, hii Yumbe, havikuwepo. Nikageuka, hasira zimeshanipanda, nikauliza nani amegusa. Mama akasema ni yeye. Kwani si mimi niliyelalamika mwezi uliopita, mbele ya watu wote, kwamba mashine yangu inalala kwenye vumbi? Basi jana jioni alizichomoa zote mbili, akazifuta kwa sabuni, akazianika, akazirudisha kwa kukisia.

"Jina yangu iko pita hapo kwenda Maka," akasema. "Haiwezi pita kwa uchafu."

Nilikuwa na maneno tele ya kumwambia. Nikanyoosha mkono nizibadilishe, akaniwahi na birika.

"Nawa kwanza, mutoto yangu."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Niliona nitapasuka. Nikanawa mpaka viwikoni, maji yakimwagika mekundu kwa udongo, naye akimimina taratibu. Ndipo nikabadilisha zile waya, ya huku ikaenda kule, na Arua ikajibu. Karani wa tawi akabonyeza. Jina likapita saa kumi kasoro dakika nne.

Mama akauliza kama limefika. Nikamwambia limefika. Akashukuru Mungu, akachukua kitambaa, akafuta alama za vumbi nilizoacha kwa vidole juu ya rauta kabla ya kunawa.