Nakala Mbili za Hotuba ya Mzee Mbwana

Mimi ni mchapaji wa steshenari hapa Korogwe, na najiona mtaalamu. Mzee Mbwana wa Mnyuzi alikuja nimchapie hotuba ya harusi ya bintiye. Akasema, nikachapa, pamoja na vijembe vyangu humohumo kati ya maneno yake. Baadaye nikaifungua tena, nikaisafisha. Kumbe ile chafu ilikuwa bado wazi kwenye dirisha jingine. Kompyuta ikauliza: nakala mbili zinagongana, nihifadhi ipi? Nikabonyeza ya kwanza kwa mbwembwe, nikaprinti bila kusoma.

Harusini nimekaa meza ya mbele. Mzee akavaa miwani, akashika maiki.

"Wageni waalikwa, karibuni. Hapa mzee anarudia habari za ng'ombe wake, futa. Hapa analia tena, subiri."

Akanitafuta kwa macho.

"Mwanangu, silii tena. Njoo umalizie."