Picha ya Wiki ya Tisa Niliyoificha Ili Nimkomeshe Wifi

Siku wifi yangu alipopiga magoti sebuleni kuniomba msamaha mbele ya ukoo mzima, nilicheka. Nilicheka mpaka tumbo likatikisika.

Masaa matatu baadaye tumbo hilohilo lilikuwa linapasuliwa.

Kaeni niwasimulie. Mwisho mnitukane mkitaka, nitawaelewa.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Tunamwita Hakimu, maana hakuna kesi inayompita. Nani kachelewa kurudi, nani kapendeza na kampendezea nani, yote lazima yapite kwake.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Alipata kazi ya miezi mitatu mbali na nyumbani, akaondoka. Baada ya mwezi mmoja na nusu nikaanza kutapika kila asubuhi.

Nikaenda kupima peke yangu. Mpimaji wa utrasaundi alikuwa mama mmoja mtaratibu. Alininywesha maji mpaka nikahisi kibofu kinapasuka, akanipaka jeli ya baridi, akanionyesha kwenye skrini kitu kidogo kama punje ya harage, kinapwita.

"Huo ni moyo wake," akasema. "Una wiki tisa. Karatasi hii itunze vizuri sana. Picha ya mwanzo ndiyo inayotupa umri wa mimba. Huko mbele watoto wanatofautiana ukubwa, kuna wanene na wembamba, kwa hiyo umri unaweza kukosewa hata wiki tatu. Popote utakapopimwa, waonyeshe hii."

Wiki tisa, na mume wangu alikuwa na wiki sita tangu aondoke. Sikuwa na cha kuficha.

Nikampigia simu, akashangilia. Akampigia dada yake.

Kabla jua halijazama Hakimu alikuwa mlangoni kwangu. Majirani walikuwa wanaanua nguo. Akapaza sauti makusudi.

"Kaka yangu kaondoka, wewe ndiyo unapata mimba. Imekuja kwa simu?"

Majirani wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaangusha beseni.

Ningeweza kumwonyesha karatasi palepale. Mkono ulishaingia kwenye mkoba. Nikautoa mtupu.

Nikasema moyoni, hapana. Kaniaibisha mbele ya watu kumi, mimi nitamwaibisha mbele ya ukoo wote. Dawa yako inachemka, Hakimu.

Nikanyamaza. Watu wakadhani naogopa.

Wiki ya ishirini nikarudi kwa yule mama. Safari hii alipima kwa muda mrefu. Akahesabu vyumba vinne vya moyo, akatazama figo, uti wa mgongo, mpaka vidole. Mtoto akapiga teke kile kifaa cha kupimia, tukacheka wote.

"Mzima," akasema. "Rudi wiki ya thelathini na mbili tuangalie anavyokua."

Mume wangu alikuwa amesharudi, na dada yake alikuwa hampi nafasi ya kupumua. Siku moja tunakunja nguo, akaniuliza bila kuniangalia usoni.

"Mke wangu, niambie tu ukweli."

Iliniuma, jamani. Na hasira yote nikamwekea dada yake.

Wiki ya thelathini na mbili sikwenda, maana Hakimu alikuja na mpango wake.

"Tutaenda kliniki ninayoitaka mimi. Mashine haina undugu."

Nikakubali haraka mpaka akashtuka. Tukaenda Jumatatu moja, nikiwa na wiki thelathini na nne.

Mpimaji wa pale alikuwa kaka mmoja mpole. Hakimu alikuwa bado nje analipia aliponiuliza swali lake la kwanza: "Una karatasi za vipimo vya nyuma?"

Zilikuwa kwenye mkoba, ubavuni kwangu.

"Sina," nikajibu. "Hii ndiyo mara ya kwanza."

Nilijua bila zile karatasi anaweza kukosea umri. Nilitaka akosee, na Hakimu aumeze uongo huo mzimamzima.

Hakimu akaingia, kaka akapima kichwa, tumbo, mfupa wa paja.

"Wiki thelathini. Kwa wiki hizo, mtoto yuko vizuri."

Hakimu akahesabu kwa vidole kurudi nyuma, uso ukamng'aa. Kwa hesabu hiyo, mimba iliingia wakati kaka yake ana wiki tatu safarini. Akaomba karatasi aibebe yeye. Nikampa kwa mikono miwili.

Jumamosi ukoo ukajaa sebuleni. Mama mkwe naye alikuja. Ni mkunga mstaafu, anaishi mbali, na alikuwa hajaniona tangu nipate mimba.

Hakimu akasimama, akasoma karatasi yake kwa madaha. Alipomaliza nikatoa za kwangu, nikampa mume wangu asome kwa sauti. Tarehe. Wiki tisa. Kisha nikaeleza maneno ya yule mama neno kwa neno. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima.

Karatasi zikapita mkono kwa mkono.

"Piga magoti umwombe msamaha," baba mdogo akamwambia Hakimu.

Akapiga. Akalia. Mimi nikacheka. Sidanganyi, ilikuwa tamu.

Mama mkwe hakucheka. Alizipanga karatasi zote mezani, akavaa miwani.

"Mwanangu, kwa hii ya kwanza, leo una karibu wiki thelathini na tano. Na Jumatatu mtoto kapimwa mwili wa wiki thelathini?"

"Ndiyo mama. Si nimesema za mwishoni zinakosea?"

"Umri tunao huu hapa, hauna ubishi. Tofauti ya wiki nne ni kubwa. Huyu mtoto hakui." Akaweka kiganja tumboni kwangu. "Leo kacheza mara ngapi?"

Sikuwa nimehesabu. Tangu asubuhi nilikuwa narudia hotuba yangu.

Hospitali walinipima tena. Daktari akasema damu inayopita kwenye kitovu inakwenda kwa kusuasua. Kondo la nyuma limechoka, mtoto anakosa chakula siku nyingi. Akauliza ilikuwaje aliyenipima Jumatatu asishtuke.

Mume wangu akaitukana kliniki ile. Mimi nikatazama ukutani.

Binti yangu alitoka na kilo moja na gramu mia nne. Hakulia. Walimhangaikia sana, ndipo nikasikia kasauti.

Mimi nikashikwa na homa kali baada ya upasuaji, nikashindwa kumbeba. Wauguzi wakatafuta mtu wa kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Hakimu alivua blauzi kabla hawajamaliza kusema.

Siku kumi na moja alishinda kwenye kiti kile, akimnong'oneza mtoto.

"Nisamehe, mwanangu. Shangazi ndiye aliyekupeleka kwa mpimaji asiyejua kazi."

Kitanda changu kilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilisikia kila neno, nikafumba macho.

Binti sasa ana miaka miwili, anakimbia. Yule kaka mpole aliachishwa kazi, maana Hakimu aliitangaza kliniki ile mtaa mzima. Hakuwa na kosa. Aliuliza karatasi, mimi nikamwambia sina.

Dada unayesoma hapa na tumbo lako, nisikilize. Picha ya mwanzo inakwambia mtoto ana umri gani. Ya katikati inakagua viungo. Ya mwishoni inaangalia kama anakua, na haiwezi kujua hilo vizuri bila ile ya mwanzo. Beba zote, onyesha zote. Ugomvi wako na mawifi uache nje ya chumba kile.

Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya binti, Hakimu ananiomba msamaha upya. Namwambia yameisha, wifi.

Leo kabla sijaweka simulizi hii hapa, nilimtumia yeye kwanza. Naona ameshaisoma.

Hajajibu.