Mashine Isiyopatikana Tanzania Nzima

Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka sebuleni kwangu, hapa Mbekenyera, nasomewa Yasini na bado ninasikia. Wanaume saba wamekunja miguu kunizunguka. Mdomo haufunguki, jasho limelowesha mkeka, mikono inatetemeka yenyewe kama si yangu. Uani wanawake wanabishana sufuria gani itatosha chai ya waombolezaji. Na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amechuchumaa kichwani kwangu na kimashine chake, ananitoboa kidole cha nne tangu asubuhi, halafu anatangaza kama yuko redioni kwenye mpira:

"Arobaini na moja! Inashuka, jamani, inashuka!"

Watu wakaitikia alhamdulillahi. Mimi nakata roho, wao wanashukuru.

Ngoja nirudi nyuma.

Ugonjwa wa sukari ninao mwaka wa saba huu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kadi yangu ya kliniki naisoma vizuri: nane, tisa, saba, siku moja kumi na nne, nikagombezwa na nesi mbele za watu. Kila mwezi napanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini, nakaa kwenye benchi, natobolewa kidole, narudi na vumbi la njia nzima kichwani. Nikachoka. Kosa langu mimi ni hilo, nalikubali: nilichoka.

Shemeji ana duka Nachingwea. Mume wangu kaniomba nisitaje majina, basi sitaji. Matendo nayataja. Vitu vyote vya duka lile anaviagiza ng'ambo kwa simu, vinashukia Dar, vinapandishwa basi. Ukiingia hakwambii kitu kinafanya kazi gani. Anakwambia, "Hiki hukipati Tanzania nzima." Na sisi watu wa huku tukisikia hivyo, basi, tumekwisha. Mtu mmoja wa Marambo alichukua birika la umeme lisilopatikana Tanzania nzima. Plagi yake haikuingia kwenye soketi yoyote ya Tanzania nzima, leo anahifadhia mbegu za ufuta. Mwingine alichukua mashine ya kunyolea. Aliichomeka, ikanyoa upande mmoja, ikatoa moshi, akaenda harusini na kofia mpaka usingizi ukamkuta nayo. Hakuna aliyeuliza kwa nini vitu hivyo haviuzwi hapa. Hata mimi sikuuliza. Tulidhani ni vizuri mno kwetu.

Siku aliyoniletea ile mashine ya sukari alikuja nayo kwenye boksi jeupe, kaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Shemeji, kliniki sasa utaisikia kwa wenzako. Hii ya Marekani. Inaongea!"

Kweli inaongea. Ukiweka tone la damu, mwanamke mle ndani anasema maneno kwa Kiingereza, sauti laini, hana haraka. Majirani walijaa kuja kumsikiliza. Kila mwanamke yule akimaliza kusema, mume wangu alimjibu, "Ahsante mama."

Kidole cha kwanza, namba ikatoka: mia na kumi na nane.

Kumbuka kadi yangu. Kumi na nne tu niligombezwa. Shemeji aliniangalia kama mtu aliyefika msibani akamkuta marehemu anafagia. Akaitwa mwenye duka la dawa, na huyu ndiye wa pili katika habari yangu. Ana koti jeupe. Kabla ya dawa aliuza misumari, kilichobadilika ni koti.

"Mia na kumi na nane! Mama, mgonjwa akifika thelathini tunamkimbiza hospitali. Wewe unatembeaje?"

"Nimetoka kupalilia sasa hivi," nikamwambia. "Jembe lile pale, lina udongo mbichi."

"Ndiyo ubaya wake. Inaua mtu hajisikii."

Nikasema basi nipelekwe Ruangwa wakapime tena. Shemeji akacheka. "Na vile vimashine vyao vya zamani? Vile havijawahi hata kufika mia!"

Mwanamke wa Marekani akasema tena maneno yake. Mwenye koti akatega sikio, akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, akatutafsiria: "Anasema hali ni mbaya."

Kidonge changu cha sukari cha asubuhi kikawa vitatu. Chakula marufuku, hata uji. Jioni ikasoma tisini na sita, wakapeana mikono. Asubuhi vitatu tena. Kufika adhuhuri miguu haikunishika, maneno yakanipotea, nikamwita mume wangu kwa jina la marehemu baba yangu. Mwenye koti akasema ni sumu inatoka. Alasiri ikawa hiyo arobaini na moja.

"Bado," mwenye koti akasema. "Arobaini ni nyingi. Tukaze mpaka ifike saba."

Saba! Huo ndio mkeka nilioanza nao.

Sasa, jirani yangu ni mwanamke wa Kimakua, mtani wa ukoo wetu. Mtani kwenye ugonjwa na msiba hazuiwi, akifanya lolote unacheka, ukikasirika unatozwa. Akaingia bila hodi katikati ya kisomo, akasimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Huyu hajafa tu? Nimeacha unga wangu kwenye kinu, mimi. Ile doti yake mpya ya kanga nani kaificha? Yangu ile!"

Hata wasomaji wakatabasamu. Akatoka uani, akachota kiganja kizima cha sukari ya chai ya msiba wangu, akarudi nayo.

"Miaka saba unanyimwa, mchoyo we. Kesho tunainywa sisi. Onja msiba wako!"

Akanisukumia shavuni, akanipangusia ufizi kwa kidole. Mwenye koti akaruka, "Unamuua!" Mtani akamjibu, "Si mmeshamaliza nyie?" na kuongeza nyingine.

Sijui ilichukua muda gani. Ninachojua, jasho lilikauka. Nikafungua macho, nikamwambia mtani, "Kanga hupati." Msomaji mmoja alikimbia akaacha viatu.

Kliniki nilipelekwa siku hiyo hiyo, na mashine. Nesi aliigeuza mara moja tu.

"Hii inahesabu kwa kipimo cha kwao. Namba yake unaigawa kwa kumi na nane ndiyo upate ya kwetu. Mia na kumi na nane ni sita na kitu. Ulikuwa mzima kuliko mimi, mama. Ile arobaini na moja ni mbili na kitu, hapo mtu anazimika." Akaiwasha, akaitia tone langu la damu, akamsikiliza yule mwanamke. "Na mbona kila mara anakitaja kipimo chenyewe?"

Kila mara. Na sisi tulimwambia ahsante.

Shemeji nilimfuata Nachingwea kwa miguu yangu. Akanijibu mbele ya wateja: "Lakini shemeji, mashine haikudanganya hata siku moja. Nyie ndio hamkuisoma." Wateja wakacheka. Na juzi nimesikia kauza nyingine kama ile kwa mzee mmoja wa Malolo, naye anatumia vidonge.

Kwa hiyo nauliza, na wasomaji wote saba wa Yasini yangu ni mashahidi. Shemeji, ulipomletea mtu wa darasa la nne mashine ya Kiingereza, ulijua inavyohesabu au hukujua? Kama ulijua, ulininyamazia nini? Kama hukujua, ulitangaza nini juu ya kichwa changu? Na wewe mwenye koti, nani alikupa ruhusa ya kuniongezea vidonge? Njooni Mbekenyera wote wawili, Ijumaa watu wakitoka msikitini, mjibu kwa midomo yenu. Lakini wewe shemeji pitia Malolo kwanza, leo, ukamnyang'anye yule mzee mashine kabla hawajamchemshia chai.