Vidole vya Korosho Juu ya Kibodi

Mimi ni mtu wa haraka. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na haraka hiyo hiyo ndiyo iliyoniunguza vidole wiki moja kabla ya usaili. Tulikuwa tunabangua korosho uani kwetu, pembeni ya Nanyamba, nami nilitaka tumalize upesi nirudi kwenye kompyuta yangu. Mama alipaka majivu mikononi kama kawaida yake. Mimi sikupaka. Mafuta ya ganda la korosho hayana huruma: kesho yake ncha za vidole zilikuwa nyeusi, kesho kutwa ngozi ikaanza kubanduka, nikavifunga plasta vidole vyote vya mkono wa kulia.

Hapo kompyuta ikanigomea. Ilikuwa laptop ya mtumba, haina kipanya, na kile kibao chake cha kutelezesha kidole hakikutambua plasta. Nateleza, mshale umetulia tuli. Nikabandua plasta moja, nikateleza tena. Safari hii mshale ulikwenda, nami nikaruka kwa maumivu. Nilikasirika nikanuna mchana mzima. Mama aliona sasa nimekuwa kama yeye, maana vidole vyake vilishalainishwa na maganda ya miaka mingi, na mashine ya alama za vidole ilivikataa alipokwenda kusajili laini ya simu. Laini yake mpaka leo imesajiliwa kwa kidole changu.

Lakini mimi nilikuwa na usaili. Ofisi moja ya Mtwara mjini ilitaka mpiga chapa mmoja, na tungepimwa kwa vitendo. Maombi niliyatuma kila mahali, na hao ndio pekee walioniita. Nikiikosa kazi ile, ningebaki uani na maganda msimu huu na msimu ujao.

Nikampigia binamu yangu, karani wa shule kule Msimbati, mwanamke anayeanza kucheka kabla hujamaliza kueleza shida yako. Akacheka. Kisha akaniuliza kibao cha nini wakati nina kibodi nzima mbele yangu. Akaniambia nishike Alt, nibonyeze Tab. Nikabonyeza. Dirisha la barua likaondoka, likaja la jedwali! Nikarudia, barua ikarudi. Akanitajia Ctrl na Z ya kufuta kosa, Ctrl na S ya kuhifadhi, Ctrl na Shift pamoja na mshale wa pembeni, ambavyo hushika neno zima kwa mara moja. Plasta zangu hazikuwa na kesi tena, kwa sababu kitufe kinataka kubonyezwa tu.

Jamani, nilifurahi! Miaka yote nilikuwa nafukuzana na mshale kwenye kioo, kumbe mlango wa mkato ulikuwa chini ya mikono yangu. Siku zile nilikuwa nabonyeza huku naongea peke yangu, mpaka mama akachungulia kuuliza nagombana na nani.

Kilichonimaliza kabisa ni kiprogramu kidogo alichonitumia binamu. Unakifundisha herufi chache, nacho kinazikunjua kuwa maneno kamili. Nikakifundisha kwamba nikiandika asw, kiweke Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku kwetu barua nyingi zinahusu ushirika, kwa hiyo nikakifundisha pia cuw, iwe Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Korosho. Herufi tatu, na jina refu lote linamwagika lenyewe. Nilifanya mazoezi mpaka vidole vikazoea, na hilo ndilo lililokuja kunitokea puani.

Siku ya usaili tulikuta laptop zimepangwa mezani, hakuna kipanya hata kimoja. Nikatabasamu. Msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, akaziona plasta zangu, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia ni korosho. Hakuwa mkali. Alisema kwa hali ile ningeteseka bure, bora niende nikapone, nijaribu nafasi nyingine itakapotokea. Nafasi nyingine! Niliona maganda yote ya Nanyamba yakinisubiri.

"Naomba nianze tu, mama," nikamwambia. "Kibao sitakigusa. Nitatumia vitufe."

Akanitazama, kisha akanionyesha kiti.

Tulipewa barua ndefu ya mkono, ya chama kile kile cha ushirika, tuichape, tuipange vizuri, tuweke na jedwali. Macho yangu yakabaki kwenye karatasi, vidole vikakimbia. Jedwali nililijaza kwa Tab tupu. Jirani yangu alikuwa bado anateleza kibao kutafuta mahali pa kuanzia, mimi nipo ukurasa wa pili, nimechangamka kama niko ngomani.

Nikainua macho kusoma nilichoandika. Moyo ukanipiga paa. Kila mahali palipotakiwa jina la chama palisimama cuw. Cuw juu, cuw katikati, cuw ndani ya jedwali. Kiprogramu changu kilikuwa nyumbani, na kompyuta ya ofisi haikufundishwa chochote na mtu yeyote. Wakati huo huo msimamizi akatangaza kwamba muda unakaribia kwisha.

Nikaanza kurekebisha moja moja. Nilipofika ya tatu nikajua sitamaliza. Ndipo nikakumbuka kitu alichokitaja binamu kwa kupita tu: Ctrl na H, inayotafuta neno kila lilipo na kuweka jingine mahali pake. Nikabonyeza. Kikafunguka kisanduku kidogo. Nikaandika cuw. Tab. Nikaandika jina lote la chama, herufi kwa herufi. Alt na A, ya kubadilisha zote kwa mkupuo. Na zote zikakunjuka kwa pamoja! Nilibana midomo nisipige vigelegele. Nikahifadhi, nikachapisha. Nilipogeuka msimamizi alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini. Alichukua karatasi zangu, akaenda nazo mezani kwake.

Simu ilikuja siku chache baadaye: kazi ni yangu, nianze Jumatatu. Nilikimbia uani kumwambia mama, na kwa kuwa hakuelewa vidole vibovu vimeshindaje, nikamletea kompyuta. Alisita, akakumbusha kwamba mashine hazimtaki. Nikamwonyesha herufi tatu. Akazibonyeza polepole kwa kidole chake kisicho na alama, na salamu nzima ikamwagika. Mama alijifunza kusoma ukubwani, akaifuata salamu kwa sauti mpaka mwisho, kisha akaiitikia.

"Hichi chimashine chimenikubali," alisema, na Kimakonde chake kikamtoka wazi kwa furaha.

Akaibonyeza tena na tena, akicheka. Halafu akarudi kwenye korosho zake, akapaka majivu. Nami nikakaa karibu, nikanyoosha mkono kwenye bakuli la majivu. Akalivuta upande wake.

"Wewe viache vipone," alisema. "Vina kazi Jumatatu."